Mbuzi Atangulie

Kr, kr, kr. Hamdiya aliisikia akiwa bado amefumba macho, taa haijawashwa, adhana ya alfajiri haijatoka. Ilitoka uani, chini ya ngazi, pale alipofungwa mbuzi wao Zafarani.

Saa kama hizi Zafarani alikuwa na sauti yake, na Hamdiya aliizoea kama alivyozoea pumzi za mumewe Ghanim. Mbuzi alikuwa akicheua taratibu, hana haraka, kama mzee asiye na meno anayetafuna tambuu. Sauti ile ilimwambia kwamba nyumba imelala salama. Lakini hii ya leo siyo hiyo. Hii ilikuwa kavu, meno juu ya meno, kama mtu anayesaga kitu kisichokuwepo.

Akamfunika vizuri bintiye Hind aliyelala katikati ya kitanda kama mwenye nyumba, akajitanda kanga, akashuka ngazi kwa kupapasa ukuta. Uani mguu wake ukakanyaga kitu kidogo kidogo chenye majimaji. Akainama akakigusa. Ngano.

"Yarabi!" akasema. "Bokoboko letu!"

Beseni la ngano iliyorowekwa tangu jana, ngano ya bokoboko la harusi, lilikuwa limelala ubavu. Nusu ya ngano imemwagika. Nusu ya pili imo tumboni mwa Zafarani, naye Zafarani amesimama shingo chini, miguu kaitanua, ubavu wa kushoto umefura kama ngoma iliyowambwa sasa hivi, anasaga meno. Kamba yake imelala chini, nzima, haikukatika. Imefunguka tu.

Hamdiya hakuhitaji kuuliza nani aliyeifunga. Mdogo wake Mahbuba alikuwa na fundo lake moja tu duniani, fundo la huruma, kitanzi legevu asije akamkaba mnyama. Mara ngapi ameambiwa? Na mara ngapi mbuzi amejifungua kamba, akapanda ngazi, akala mkeka wa kusalia wa bibi yao?

Na leo ndiyo siku ya harusi ya Mahbuba.

Nyumba nyingine yoyote, mbuzi aliyevimbiwa siku ya harusi angechinjwa akaifuata ngano yake sufuriani, na kila mtu angesema alhamdulillahi. Lakini Zafarani hakuwa mbuzi wa nyama. Ukoo wa Bi Sayyida, mama wa bwana harusi, ulikuwa na desturi yake, uliyotoka nayo milimani ukashuka nayo mpaka Maskati. Posa ikikubaliwa, nyumba ya mume humpelekea mchumba mbuzi jike wa maziwa. Mchumba humlisha, humkama, humwogesha. Siku ya harusi mbuzi hutangulia mbele na bibi harusi hufuata nyuma, mpaka mlangoni kwa mumewe. Mbuzi akiingia kwa miguu yake, mke ameingia na heri. Mbuzi asipokwenda, bibi harusi naye haendi.

"Mama yangu alifuata mbuzi," Bi Sayyida alikuwa akisema kila alipopata mtu wa kumsikiliza. "Mie nilifuata mbuzi. Wake wa wanangu wakubwa wamefuata mbuzi. Aflah ndiye wa mwisho. Kwa nini mkewe afuate upepo?"

Hamdiya na mdogo wake walifika Maskati mwaka uleule wa mapinduzi ya Unguja, wao na bibi yao, Bi Shaikha, na sanduku moja la nguo. Baba na mama walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki zamani. Ghanim, mume wa Hamdiya, aliwapokea wote wala hakuhesabu midomo. Lakini Hamdiya alijua watu wanavyosema juu ya msichana yatima aliyetoka ng'ambo, asiyejulikana jikoni kwa mtu. Alitaka Mahbuba awe na mlango wake. Tena alijua jambo jingine ambalo Mahbuba hakumwambia mtu. Siku Aflah alipomleta mbuzi, kwa haya alikosa la kumwambia mchumba wake, akamwamkia mbuzi. "Sabalkheri," alimwambia Zafarani, masikio yamemwiva. Tangu siku hiyo Mahbuba akimkama mbuzi anatabasamu peke yake.

Kulipopambazuka, nyumba nzima ilikuwa uani. Mahbuba alikuwa amechuchumaa kamkumbatia mbuzi shingoni, mikono yake imekoza hina nyekundu hadi vifundoni.

"Dada, ni mimi. Mimi ndiye niliyemuua."

"Hajafa, na wewe hujamuua. Ondoa machozi hapo, utaharibu wanja kabla hujapakwa."

Bi Shaikha alishatwanga tangawizi na kitunguu thomu, akachanganya na mafuta ya ufuta, akamnywesha mbuzi kijiko kwa kijiko. Nusu ikaingia, nusu ikamrukia yeye kifuani. "Huku Maskati," akasema akijifuta, "mnawapa mbuzi dagaa na kokwa za tende. Mbuzi aliyekula dagaa, leo umpe ngano, tumbo lake litajuaje la kufanya? Masikini kashangaa tu."

Uchochoro ule habari hazikungoja mtu azipeleke. Jua halijafika juu ya ukuta, harufu ya udi ilisikika kwanza, kisha Bi Sayyida mwenyewe akaingia, mwanamke mrefu aliyenyooka, barakoa usoni, na mkononi kashika chuma chembamba kama mshikaki. Alikulia Pemba, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kila neno lenye kha na ghaini alilitoa kooni kwa haki yake yote.

"Nimesikia mbuzi wangu mgonjwa."

"Kala ngano tu, Bi Sayyida," alisema Hamdiya. "Kavimbiwa. Hata mtu huvimbiwa."

"Na ngano aliifikiaje?"

Mahbuba alitazama hina yake.

"Mie sisemi kitu," alisema Bi Sayyida, na alipoanza hivyo wote walijua kwamba atasema. "Sisemi msichana ana mguu wa nuksi. Sisemi nyumba imeingiwa na husuda. Nasema hivi tu: kadhi anakuja baada ya alasiri. Nikimwona mbuzi anacheua, kadhi na asome. Nisipomwona anacheua, kadhi atakunywa kahawa yake ende zake, na harusi tutaitazama mwakani, inshallah, tukijaaliwa mbuzi mwingine na..."

Akalimeza neno. Lakini kila mtu pale uani alilisikia. Na msichana mwingine.

Akaomba seredani ya makaa. Akakitia chuma chake motoni. Babu yake, alieleza, aliwaponya ngamia kwa chuma kama hiki, mstari mmoja ubavuni, basi.

Hamdiya akasimama kati ya seredani na mbuzi. Alijua kwamba Bi Sayyida ni mtu mzima na mbuzi ni wake mpaka jioni. "Bi Sayyida, sikukatalii. Lakini tumbo limejaa upepo. Upepo utatokea wapi ukimbabua ngozi?"

"Ngamia walipona."

"Ngamia ana ngozi ya ngamia, Bi Sayyida. Huyu ana ngozi ya Zafarani."

Bi Shaikha akakohoa kuficha kicheko. Bi Sayyida akakitazama chuma, hakijaiva bado, akasema, "Tutaona."

Hapo ndipo iliposikika hodi ya sauti nyembamba, na Sista Nora akainama kupita mlangoni, kofia ya majani kichwani na kifurushi cha zawadi kwapani. Sista Nora alikuwa muuguzi, mtu wa Ayalandi. Alikaa Mombasa miaka mingi kabla ya kuja kufanya kazi Matrah, na wanawake wote waliotoka Unguja walimpenda kwa sababu ukiumwa hukuhitaji mkalimani. Ndiye aliyemdaka Hind alipozaliwa. Alialikwa harusini, akaja mapema aone hina.

"Sista!" Mahbuba alimrukia. "Mpige sindano!"

"Nani?"

"Mbuzi!"

"Mie muuguzi wa watu, bibi. Huyu akinipiga teke nitaandika nini?" Lakini alikuwa kishaweka kifurushi chini, kapiga magoti kwenye ngano, kaubisha ubavu wa mbuzi kwa vidole. Ukalia du, du. Akanusa pumzi zake, akakunja uso. "Ee, kavimba. Kwetu ng'ombe hufanya hivi akiingia shamba la majani mabichi. Bibi yangu alikuwa na dawa yake."

"Waingereza nao wana dawa za kienyeji?" aliuliza Bi Shaikha, macho yamemtoka.

"Mie si Mwingereza, Bi Shaikha. Mara ngapi nikwambie? Waingereza walikuja kwetu kama walivyokwenda kwenu."

"Ala! Basi karibu nyumbani, mwanangu. Sema dawa."

Sista Nora akachukua kamba ya Zafarani. Akaeleza kwamba kamba hupitishwa chini ya tumbo la mnyama, ncha zote mbili zikaja juu, na juu ya mgongo likatiwa fundo. Siyo fundo la kufunga. Fundo lililopindwa hivi, likazungushwa hivi, lionekane gumu lililoshikana kama nyoka wawili, kumbe ukivuta ncha zote mara moja linaachia lote. Akaonyesha kwenye goti lake. Fundo lilikuwepo, akavuta, halipo. Hind akapiga makofi.

"Mara tatu hivyo. Likiachia vizuri, na ugonjwa unaachia."

"Na likikwama?" aliuliza Hamdiya.

Sista Nora alisitasita. "Likikwama, wanasema mnyama hufa. Lakini bibi yangu halikumkwama."

"Audhubillahi!" Bi Sayyida alirudi nyuma hatua nzima. "Mafundo? Kwenye nyumba ya Waislamu, siku ya harusi? Hamuisomi Kul-audhu birabbil-falak? Si ndiyo tunajikinga na wanaopulizia mafundo?"

Hata Sista Nora alijua kwamba hapo kakanyaga pabaya. Aliyezungumza ni Bi Shaikha, polepole, huku anakusanya ngano kwenye ungo, kana kwamba jambo lenyewe halimhusu.

"Wanaofunga na kupuliza, Bi Sayyida. Huyu hafungi, anafungua. Wala hapulizi. Mie nimemwangalia mdomo, kaufumba."

"Fundo ni fundo."

"Likishafunguka ni kamba tu. Na kamba tunayo kila siku." Akapepeta ungo. "Ikiwa una wasiwasi, isome hiyo sura wakati inavutwa. Kama mna shari mle, itapata jibu lake papo hapo."

Bi Sayyida aliinamisha kichwa akafikiri. Chuma kilikuwa kimeanza kuiva.

"Liko jambo moja," alisema Sista Nora, na sasa alikuwa amekunja uso kwa majonzi ya kweli. "Hawezi kulivuta mtu yeyote tu. Mie siwezi. Kwetu mwanamke akiolewa huliacha jina la ukoo wake, akachukua la mumewe. Lakini mara moja kwa nadra mwanamke huolewa na mtu mwenye jina lilelile alilozaliwa nalo, asibadili kitu. Huyo wanasema mkono wake una dawa. Pande zetu zote alikuwepo mmoja, kikongwe, kakaa mlimani. Watu walimwendea kutoka mbali na ng'ombe wao. Watoto wenye kifaduro aliwapa kipande cha mkate tu, wakapona. Sasa hapa mtu kama huyo nitampata wapi?"

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Bi Shaikha akaweka ungo chini.

"Mwanangu," alisema, "hebu rudia. Mwanamke wa ukoo mmoja na mumewe?"

"Ndiyo."

"Kwenu alikuwa mmoja?"

"Mmoja tu."

Bi Shaikha alicheka mpaka akashika nguzo. "Mie niliolewa na mtoto wa ami yangu! Hamdiya huyu, yeye na Ghanim babu mmoja! Jirani wa kulia, mtoto wa ami! Jirani wa kushoto, mtoto wa ami! Aliyeolewa nje ya ukoo uchochoro huu ndiye wa kutafutwa kwa taa!"

Majirani waliokuwa wamechungulia mlangoni wakaingia bila kukaribishwa. "Na mie!" "Mie pia!" "Mie baba zetu ndugu!" Mikono ilinyooshwa kama darasani. Sista Nora alibaki kinywa wazi, anawageukia mmoja mmoja.

"Mungu wangu," alisema. "Miaka yote hii nimewapa nyinyi sharubati ya kifaduro."

Kila mtu alitaka kamba. Hamdiya naye aliitaka. Mkono wake ulikwisha kunyooka, kwani mbuzi alikuwa uani kwake na mdogo wake ndiye anayelia. Lakini akamtazama Bi Sayyida. Alikuwa amesimama kando ya seredani, peke yake, hakunyoosha mkono, kidevu juu, na chini ya barakoa midomo ilikuwa ikijikaza kwa namna ambayo Hamdiya aliifahamu. Hind hukaza midomo hivyohivyo wenziwe wakigawana kashata naye hajaitwa.

Hamdiya akaushusha mkono wake.

"Sisi sote ni maji ya juu juu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Baba zetu ndugu, basi. Mwenye ukoo wa kweli hapa ni mmoja. Bi Sayyida baba yake na baba wa mumewe ni ndugu. Tena mama yake na mama wa mumewe ni ndugu."

Bi Sayyida alitengeneza shela yake.

"Na bibi zetu," alisema.

"Na bibi zao!" Bi Shaikha aliidaka. "Mnasikia? Sista, kwenu umewahi kuona kitu kama hicho?"

"Kwetu," alisema Sista Nora kwa unyenyekevu, "mtu kama huyo angeletewa ng'ombe mpaka wa askofu."

Bi Sayyida alikitoa chuma motoni, akakiegemeza ukutani. "Nitaisoma sura," alisema. "Kwa sauti. Na asiyependa aende zake. Lete hiyo kamba."

Wakampandisha Zafarani miguu ya mbele kwenye daraja la ngazi, kama Sista Nora alivyoagiza, upepo upate njia. Hamdiya akamshika pembe. Kamba ikapita chini ya tumbo. Bi Sayyida akapinda, akazungusha, akaanza kusoma kwa sauti nzuri ya mtu aliyehitimu, akavuta.

Fundo likakwama.

Likakaza palepale juu ya mgongo, dogo, gumu kama kokwa. Sauti ya Bi Sayyida ikakatika katikati ya aya. Hakuna aliyethubutu kumtazama Sista Nora, kisha wote wakamtazama.

"Hilo," alisema Sista Nora, shingo imemwiva kama pilipili, "hilo la kujifunzia. Halihesabiwi."

"Kweli?" aliuliza Bi Sayyida, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikuwa ndogo. Vidole vyake vyenye pete vilikuwa bado vimeing'ang'ania kamba. Hamdiya akaona kwamba mama huyu hakuja kuvunja harusi. Anaogopa tu. Alimwogopea mwanawe wa mwisho, kama yeye alivyomwogopea Mahbuba.

Mahbuba alifuta macho kwa kiwiko, akasogea. "Bi Sayyida, niruhusu. Umekaza mno hapa. Mie nafunga hivi hivi kila siku." Akaingiza ukucha, akalilegeza fundo, akavishika vidole vya mama mkwe kwa vidole vyake vyekundu. "Mwachie nafasi. Hivi. Usimkabe."

"Ndivyo unavyomfunga mbuzi wangu?"

"Ndivyo."

"Ndiyo maana kala ngano!"

"Ndiyo maana," alisema Mahbuba, akaanza kucheka na machozi yangalipo, na barakoa ya Bi Sayyida ikatikisika.

Wakavuta pamoja, mikono minne, sura ikisomwa. Kamba ikateleza juu ya tumbo kwa nguvu, fundo likaachia. Wakalitia tena. Likaachia. Mara ya tatu Bi Sayyida alivuta kwa moyo wake wote, kamba ikausugua ubavu ule wa ngoma kutoka chini mpaka juu, na Zafarani akanyoosha shingo, akafumba macho, akapiga mbweu.

Haikuwa mbweu ya mbuzi mmoja. Ilitoka ndefu, imejaa ngano na vitunguu thomu na dagaa wa mwezi mzima, ikawapiga usoni wote waliokuwa mbele. Jirani wa kushoto alikimbilia mlangoni. Hind aliziba pua kwa mikono miwili. Ubavu wa kushoto ulikuwa ukishuka mbele ya macho yao.

"Ahs..." alianza Mahbuba.

"Hapana!" Sista Nora akamziba mdomo. "Msimshukuru! Anayetibu hashukuriwi. Ukishukuru, ugonjwa unarudi."

Hilo lilikuwa gumu kuliko mafundo. Wanawake wa Unguja wasishukuru! Walisimama midomo imebana kama waliotiwa gundi, wakimtazama Bi Sayyida, naye Bi Sayyida amesimama anangoja shukrani zake. Hazikuja. Akaanza kununa. Ndipo Mahbuba alipoinama, akauchukua mkono wake, wenye harufu ya mbuzi kuliko ya udi, akaubusu, akauweka juu ya kichwa chake.

Bi Sayyida aliuacha mkono wake hapo kwa muda. Kisha akautoa, akakohoa.

"Mie nimesema acheue. Mbweu siyo kucheua. Neno nimelitoa mbele ya watu, siwezi kulila."

Basi wakangoja. Bokoboko likapikwa kwa nusu ya ngano na nyama ikazidishwa. Mahbuba akasingwa, akafukizwa, akavishwa, kila dakika anauliza, "Bado?" Zafarani alikuwa amelala juu ya gunia chini ya ngazi, macho yamefunguka, masikio yamesimama, lakini taya halisogei. Hind akawekwa kando yake amtazame, kwani alikuwa mtoto anayeweza kukaa kimya akipewa kazi. Na Bi Sayyida, aliyesema anakwenda kukaa na wageni juu, alishuka kila alipopata kisingizio. Mara amesahau kitambaa, mara anatafuta maji. Mara ya mwisho hakutafuta kisingizio. Alivua shela yake ya nje, ile ya hariri, akamfunika mbuzi.

"Asipigwe na upepo," alimwambia Hamdiya kwa ukali. "Mkono wangu umo humu sasa."

Alasiri ikasaliwa. Kadhi akaja, akaketi sebuleni na wanaume. Ghanim akaja mlangoni mwa ua, jasho linamtoka.

"Hamdiya, kadhi ameshakunywa kahawa mpaka anauliza habari za afya yangu mara ya pili. Na wanakumbusha, nyumba ya Aflah iko nje ya lango la mji. Lango likishafungwa usiku, hapiti bibi harusi wala mbuzi."

"Aflah anasemaje?"

"Aflah anasema, ikiwa mbuzi hawezi kwenda, yeye atambeba mabegani, atangulie naye."

Bi Sayyida alisikia. "Mwanangu hatabeba mbuzi kama mchukuzi wa sokoni!" alisema. Lakini Hamdiya alimwona anageuza uso, anaficha kitu kilichofanana na kicheko.

Jua lilikuwa limepanda ukutani, limebaki ukanda mwembamba juu kabisa. Sebuleni watu walinyamaza mmoja mmoja, kama wanavyonyamaza waliochoka kungoja. Juu ngazini wanawake nao wakanyamaza, na katikati yao Mahbuba, ameketi kwenye kilele cha ngazi na nguo yake ya kijani ya harusi, mikono mapajani. Sista Nora alikuwa ameshika msalaba wake mdogo. Bi Shaikha alikuwa akihesabu tasbihi. Hamdiya hakushika kitu. Alisimama katikati ya ua akimtazama Bi Sayyida, mtu mzima aliyetoa neno mbele ya watu, na hakujua kama katika moyo wake anamwombea mbuzi au anamwombea yeye.

Bi Sayyida alisogea mpaka mlango wa sebule. Akashika pazia.

"Mwambieni kadhi..." alianza, akasimama. Akageuka akamtazama Mahbuba kule juu. "Mwambieni kadhi kwamba mimi..."

Chini ya ngazi, Hind aliinua kichwa kutoka kwenye shela ya hariri.

"Mbuzi anacheua," alisema.